Makumba ya goshini: kutoka Faza hadi Amu

Tulitoka Faza, kisiwani Pate, kwenda Amu (Lamu) alfajiri, maji yakijaa, ili tuwahi kupita mkondo wa Siyu. Mashua yetu ilikuwa kama nyingi za visiwani: sitaha fupi omoni (mbele), nyingine shetrini (nyuma), na katikati wazi kabisa. Hapo katikati ndipo yalipopangwa magunia ya ng'onda, samaki wakavu, na juu yake tukakaa abiria, miongoni mwetu mama mmoja na mtoto wa kunyonya. Hadi Mtangawanda ilikuwa mikoko na mazungumzo tu.

Kabla hatujaiacha kinga ya kisiwa cha Pate, nahodha akaagiza makumba, kinga ya makuti yaliyosukwa, yasimamishwe. Mabaharia wakachomeka fito za mkandaa kwenye matundu ya ukingo upande wa kushoto, goshini, kusi inakotoka. Kisha wakafunga makuti ya kumba, mawili mawili yakipandana, kwa kamba ya usumba ambayo haiogopi maji ya chumvi. Nikasogea kuangalia wanavyofunga. Ncha ya chini waliitoa nje ya ukingo, si ndani, ili maji yanayopiga yateremke ubavuni yarudi baharini. Fundo la juu lilikuwa la kufunguka kwa mvuto mmoja, endapo itabidi yaangushwe haraka.

"Mzee, kwa nini si turubai?" nikamwuliza nahodha.

"Turubai ni tanga la pili, mwanangu. Upepo ukilishika linalaza chombo. Kumba lina matundu, lapumua."

Tulipotokeza kwenye ghuba ya Manda nikaelewa. Mlango ulio kati ya Manda na Pate umeelekea bahari kuu, na mwezi wa Juni kusi huingiza mawimbi humo bila kizuizi. Maji nayo yalikuwa yameanza kupwa, yanatoka yakikabiliana na upepo. Hapo ndipo bahari inapokuwa mbaya: mawimbi hufupika, hukaribiana na kusimama wima. Wimbi refu hukiinua chombo na kukishusha. Haya yanakipiga ubavuni. Kungojea hatukuweza, maana maji yakipwa sana Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ulikuwa haupitiki.

"Mai yaya!" (maji yaja) akapaza sauti baharia wa omoni. Wimbi likapasuka kwenye makumba, fito zikapinda, na kilichotufikia kikawa manyunyu. Yule mama alimfunika mtoto kwa leso, basi. Bila makumba, maji yale yote yangetumwagikia mapajani na kujaa ngamani, chini kabisa ya chombo, na chombo kikishalemewa, wimbi linalofuata hukuta ukingo uko chini zaidi.

Lakini makumba peke yake hayatoshi. Nahodha alikuwa akilegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, kila wimbi kubwa lilipokaribia, abiria tukahamishiwa goshini kusawazisha uzito, na kijana mmoja hakuuweka chini upo, chombo cha kutekea maji, anafua maji tangu tulipotoka Pate. Wala hayachukui nafasi ya jaketi okozi. Yetu yalikuwa machache kuliko watu, na jambo hilo lilinikera njia nzima. Mwenye chombo anayepakia watu wakati wa kusi anapaswa kuwa na jaketi kwa kila kichwa, na la mtoto pia.

Kinga hii ni ya kale. Hata mtepe, chombo kile cha kushonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa na mikeka ubavuni ya kuzuia mawimbi. Naumia kuona vyombo vinavyofunga plastiki yoyote iliyopatikana, ilhali minazi ipo na wanaojua kusuka wapo.

Tuliingia Mkanda maji yakiwa bado yanatosha. Makumba yakateremshwa, yakalazwa juu ya mzigo yakauke. Gatini Amu, bibi mwenye ng'onda alikagua magunia yake moja moja: ya juu makavu, mawili ya chini yamelowa maji ya ngama. Hakununa, ila alimtaka nahodha safari ijayo atandike fito chini, mzigo usikalie ngama. Nahodha akakubali, wakaendelea na hesabu ya nauli.