Majina tisa

Jumamosi ile, Septemba 27, 2014, zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu, Kihonda, Morogoro. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu walishaenea kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima, tukasoma Injili ya kesho yake kama ilivyo desturi. Ilikuwa Mathayo 21, ile ya baba na wanawe wawili: mmoja anatumwa shambani anakataa, kisha anajuta na kwenda; wa pili anaitika vizuri kabisa, "Naenda, Bwana," asiende. Tuliitafakari kwa kirefu. Mimi, katibu, nilichangia kuliko wote. Ualimu nao una tabia zake.

Kwenye matangazo akasimama mume wa mwanajumuiya mwenzetu. Mkewe amelazwa, Jumatano anafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na hospitali imetaka ndugu walete watu watatu wa kuchangia damu. Mikono ikainuka. Niliandika majina tisa, langu juu kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu, tunamwita Dogo, alikuwa kaegemea mlango. "Mimi msiniandike, Mwalimu," akasema. "Sindano na mimi hatupatani." Watu wakacheka. Tukafunga kwa sala, tukanywa chai.

Jumapili nilimwona yule mume nje ya kanisa, nikamshika mkono nikamwambia tuko pamoja. Jumatatu nilikuwa na madaftari ya kidato cha pili ya kusahihisha. Yalikuwepo kweli, ila siyo yaliyonizuia. Damu ya kuchangia hupimwa VVU, homa ya ini, kaswende. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na sikuwahi kupima hata siku moja. Yapo mambo ya ujana niliyokwisha kuyaungama kwa padre, malipizi nikayatimiza, lakini maabara haina kitubio. Basi nikasahihisha. Nilisahihisha mpaka insha za wanafunzi ambao hata hawakuwa wangu.

Jumanne saa saba mchana simu ikaita.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mpaka sasa imepatikana chupa moja tu."

Nikauliza ya nani.

"Ya Dogo."

Nikamwomba mwenzangu anishikie kipindi, nikapanda daladala. Hospitali wakanijazisha fomu yenye maswali ambayo hata padre hajawahi kuniuliza. Wakanipima uzito, maana chini ya kilo 50 hawakuchukui, wakanitoboa kidole kuangalia wingi wa damu, kisha nikalala. Mililita 450 si nyingi. Mfuko ulijaa upesi kuliko nilivyodhani, na muda wote macho yangu yalikuwa darini.

Nilipoketi nikamkuta Dogo, kaleta uji wa mgonjwa.

"Mwenzio nilifumba macho nikasali Salamu Maria," akaninong'oneza. "Nikaikosea katikati."

Chupa ya tatu ilitoka kwa shemeji wa mgonjwa aliyefika kesho yake kutoka Kilosa, na upasuaji ukasogezwa hadi Alhamisi. Mama yule yupo, mwezi uliopita tumesali kwake. Wale wanane wengine wa kwenye daftari sikuwauliza kitu. Ningeanzia wapi?

Muuguzi akanipa soda na biskuti. "Majibu yako utakuja kuyachukua?"

"Nitakuja," nikasema.

"Lini?" Dogo akadakia.

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Ijumaa ya wiki ijayo."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nakupitia shuleni," akasema, akachukua chupa yake ya uji akaelekea wodini.