Orodha ya maparoko peke yake haitoshi

Niko kwenye kamati ndogo ya kuandika historia ya parokia yetu kwa ajili ya jubilei, na kazi niliyopewa ilionekana nyepesi kabisa: tafuta majina ya maparoko wote kuanzia wa kwanza, miaka waliyokaa, nani alijenga nini, weka na picha, basi. Ndio maana vijitabu vya jubilei vinafanana. Padre fulani alijenga kanisa, aliyemfuata akaezeka upya, mwingine akavuta maji, ukurasa wa mwisho picha ya askofu. Sina neno na hao mapadre, ila kadiri ninavyozidi kuchimba naona tunaisimulia hii parokia kuanzia nyumba ya mapadre wakati yenyewe ilikuwa inaishi vigangoni, yaani kwenye makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia.

Nilianza na vitabu vya ubatizo. Kama hujawahi kuvishika, ni madaftari makubwa mazito, yale ya zamani yamejazwa kwa Kilatini, kila mtu na namba yake, wazazi, msimamizi, padre aliyembatiza. Halafu kuna nafasi ya pembeni, na humo ndio maisha ya mtu yanaongezwa taratibu: huyu kapata kipaimara, huyu kafunga ndoa, huyu kapewa upadre. Hata ukifungia ndoa Dar au Mwanza taarifa inatakiwa irudi kule ulikobatizwa, Roma ilikazia jambo hilo mwaka 1907 na hadi leo limo kwenye kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya 1983. Kwa hiyo vijana wanaondoka kijijini, wengine hawaji hata Krismasi, lakini kwenye kitabu bado wako nyumbani. Nilikaa na vile vitabu muda mrefu kuliko kamati ilivyotarajia jamani, vinanoga.

Sasa kilichonishtua ni safu ya wasimamizi. Jina moja la mwanaume linajirudia, ukurasa huu, unaofuata, na unaofuata tena, amesimamia watoto, vijana, hadi wazee waliobatizwa wakiwa kitandani. Nikauliza wazee huyu ni nani, wakacheka, si mwalimu wa dini yule! Katekista. Kwenye rasimu ya kijitabu hakuwepo hata kwa mstari mmoja.

Na ukifikiria vizuri isingewezekana vinginevyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, Wamisionari wa Afrika wakapita hapo hapo 1878 kuelekea bara, Wabenediktini wakaanza Pugu 1888 na kufika Peramiho 1898. Walikuwa wachache mno, wageni wa lugha, homa ikiwamaliza wakiwa bado vijana, na padre mmoja angeweza kuwa na eneo la kutembea siku kadhaa. Halafu Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa hao Wamisionari wa Afrika, alitaka mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne! Nani alikuwa anakaa na watu kijijini muda wote huo, anawafundisha sala jioni wakitoka shamba, anajua nani kafiwa na nani kagombana na mkewe? Mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipata daraja mwaka 1917, karibu nusu karne baada ya Bagamoyo. Kabla ya hapo dini iliyomfikia bibi yako kwa lugha yake ilitoka mdomoni mwa katekista. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari Wajerumani walipoondolewa, misheni nyingi zilibaki hazina padre, watu wakaendelea kusali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupiga kengele na kuongoza rozari.

Upande wa shule sitakaa sana, kila mtu anajua shule za misheni zilitaifishwa baada ya sheria ya 1969. Ila nadhani parokia ndogo kama yetu hapo ndipo ilipolazimika kujiuliza ipo kwa ajili ya nini hasa, maana zamani ukisema misheni watu walikuwa wanaelewa shule na dawa.

Jibu lilikuja kama jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele kwenye mikutano yao ya 1973 na 1976, na kwa kijiji ni jambo la akili sana, nyumba chache zinakutana kila wiki, Injili inasomwa, mgonjwa anatembelewa, msiba unabebwa pamoja. Hiyo ndio parokia kwangu. Hata kanuni ya 515 inaanza kuieleza parokia kama jumuiya ya waamini, majengo hayatajwi. Lakini tuseme ukweli, siku hizi jumuiya nyingine zimegeuka ofisi ya michango, Injili dakika tano halafu daftari la madeni saa nzima, na mama mjane anaogopa kuja kwa sababu hajamaliza mchango wa ukarabati, halafu akitaka mtoto abatizwe anaambiwa alete barua ya mwenyekiti. Hilo nalo ni historia, na silioni likiandikwa.

Kigango cha mbali kwetu misa ni mara moja kwa mwezi mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada pasipo padre, anasoma masomo, anatoa mafundisho, mchana anazika mtu, kesho yake yuko shambani kwake maana anachopewa ni posho ya kuchekesha. Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua ya kuifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, nikafurahi kweli, ila urasmi huo ukifika kigangoni utakuta baiskeli yake haina breki.

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo kwa kamati: orodha ya maparoko ibaki lakini ipewe ukurasa mmoja, halafu kila kigango kipate kurasa zake, majina ya makatekista, waliotoa kiwanja, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) waliobeba mawe na maji ya ujenzi. Baba Paroko kakubali haraka kuliko nilivyodhani. Mwenyekiti wa kamati ndio anasema kurasa zikiongezeka gharama ya uchapaji itapanda, na kwamba picha za ukurasa mzima za wafadhili haziwezi kupunguzwa. Tunakutana tena Jumamosi baada ya jumuiya, nimeshaomba wazee watatu wa vigango waje na wao waongee.