Kona na sakafu

Jumamosi yote imeishia kwenye vumbi la mbao. Nina kioo chenye pande sita sawa, nikajiapiza kwamba fremu yake nitaitengeneza mwenyewe. Kila pembe ya ndani ya umbo hilo ni nyuzi 120, na kwenye kila kona mbao mbili zinagawana, yaani nyuzi 60 kwa kila moja. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa napiga mswaki, na wala haikuwa na kosa.

Kosa lilikuja mezani. Niliweka skwea, kile kifaa cha fundi cha kupimia kona ya nyuzi 90, nikachora mstari wa kukatiza mbao, halafu nikapima nyuzi 60 kuanzia kwenye mstari huo. Nilitakiwa kupima kuanzia kwenye ukingo. Mbao ikabaki na ncha ya nyuzi 30, imechongoka kama mkuki, nami kwa kujiamini nikakata vipande vyote sita bila kujaribu kuunganisha hata viwili. Vitatu vya kwanza vilipokutana vikajifunga: pembetatu! Vitatu vilivyobaki vikatoa ya pili.

Jirani yangu, fundi seremala, akachungulia.

"Jirani, kioo kimepungua pande?"

Akaokota kibanzi kimoja sakafuni, akakirudisha mahali kilipokatwa. Kona ya mbao ikawa mraba tena, skwea ikakaa bila mwanya. "Ona, umetupa sitini, umebaki na thelathini."

Nimesoma mambo haya miaka mingi iliyopita, lakini leo ndiyo nimeyashika kwa mkono. Pembe mbili zikijumlishwa zikafika 90, kila moja ndiyo inayoitimiza mwenzake. Zikifika 180, zinanyoosha mstari. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, tulipoingia kidato cha kwanza yakatumwagikia majina mawili yanayofanana kama mapacha, komplimentari (za 90) na saplimentari (za 180), na mimi nikawa nayachanganya hadi chuoni. (Huko nako nikala sapu ya hesabu, yaani kurudia mtihani. Tuyaache hayo.)

Binti yangu, ambaye kipimapembe chake ndicho nilichoazima, hayachanganyi. "Baba, komplimentari ni kona. Saplimentari ni sakafu." Nikamwuliza nani kamfundisha, akasema ameitunga mwenyewe kwenye daladala.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sijawahi kuliangalia. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia, nyingine kushoto. Penye 60 pana 120. Penye 35 pana 145. Kwenye kila alama namba hizo mbili zinajumlisha 180, kwa hiyo wenza wa sakafu wamechapwa hapo tangu kiwandani. Wenza wa kona ndio huna budi kuwatafuta mwenyewe, na wapo tu kwa pembe iliyo chini ya 90. Pembe ya 145 haina mwenza wa namna hiyo.

Jioni nimekata upya, safari hii nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa skwea. Ukingo wa nje kona ikasoma 60, wa ndani 120. Kioo kimekaa, ingawa kiungo kimoja kina mwanya wa kupitisha kadi ya simu, nimeujaza gundi na unga wa mbao.

Pembetatu moja iko jikoni, mama watoto anawekea sufuria ya moto juu yake. Ya pili imeegemea ukuta, haijapata kazi.