Maji ya dripu yanakwenda wapi?

Kila muhula wanafunzi wangu wa uuguzi hunisomea viwango vya chumvi za damu bila kukwama, kama watoto wanaosoma jedwali la kuzidisha: sodiamu 135 hadi 145, potasiamu 3.5 hadi 5.0, zote kwa milimoli katika lita moja. Ninapoinua chupa ya dripu na kuwauliza maji haya yakishaingia kwenye mshipa yatakwenda wapi, darasa zima hunyamaza. Siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilifika mwaka wa pili wa mafunzo bila kujiuliza swali hilo, na aliyenifundisha kuliuliza alikuwa mgonjwa.

Alikuwa mama aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Wodi ilikuwa imeishiwa chupa za aina nyingine, hivyo alitundikiwa dekstrozi ya asilimia 5, yaani maji yenye sukari, chupa baada ya chupa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozibadilisha usiku. Mkojo wake ulikuwa mchache, nami nikaona kwamba anahitaji maji zaidi. Siku ya tatu alianza kulalamika kichwa na kichefuchefu, kisha akawa anazungumza maneno yasiyo na mpangilio na kumwita mwanawe kwa jina la mtu mwingine, hata ndugu zake wakaanza kunong'onezana habari za mashetani na kuulizia ruhusa ya kumpeleka kwa mganga. Kabla hawajajibiwa, alipata degedege. Majibu ya maabara yalionyesha sodiamu 117.

Kilichotokea kinaeleweka ukiwa na ramani ya maji ya mwili. Mwanamume wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji, na kati ya hizo lita 28 zimo ndani ya seli na 14 ziko nje yake. Hizo 14 nazo zimegawanyika: sehemu kubwa imelowesha nafasi zilizo kati ya seli, na robo tu, yaani lita 3 na nusu hivi, ndiyo plazma, yaani majimaji ya damu, inayozunguka kwenye mishipa. Potasiamu nyingi inakaa ndani ya seli na sodiamu nyingi inakaa nje, kwa sababu kila seli ina pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, mchana na usiku. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo miaka 40 baadaye. Maji hayana pampu yake. Yanafuata chumvi ilipo.

Sasa turudi kwenye chupa. Dekstrozi ya asilimia 5 ina sukari ambayo mwili huitumia upesi, na kinachobaki ni maji matupu yanayosambaa kila mahali: katika lita moja, theluthi mbili huingia ndani ya seli na ni kama mililita 80 tu zinazobaki kwenye mishipa. Lita moja ya dripu iitwayo chumvi ya kawaida, yenye sodiamu milimoli 154, haiingii ndani ya seli, hivyo robo yake hubaki kwenye mishipa. Yule mama, kama wagonjwa wengi waliotoka kwenye upasuaji, alikuwa anatoa kwa wingi homoni inayoziamuru figo zizuie maji, na ndiyo maana mkojo ulikuwa mchache. Sisi tukaongeza maji yasiyo na chumvi juu ya maji yaliyozuiwa, yakaingia kwenye seli za ubongo, nao ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Alipewa chumvi ya asilimia 3 kwa kiasi kidogo kilichopimwa, kisha sodiamu ikapandishwa taratibu, kwa sababu kuipandisha zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku kunaweza kuuharibu ubongo uleule unaojaribu kuuokoa. Alipona. Mimi sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Ringa lakteti, aina nyingine ya dripu, inastahili maneno machache ya pekee. Sydney Ringer, daktari wa London, aligundua katika miaka ya 1880 kwamba moyo wa chura uliendelea kudunda ndani ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ulidhoofika yalipotumika maji yaliyokenekwa. Siri ilikuwa kalisi iliyomo kwenye maji ya bomba. Chupa tunayotundika leo ina sodiamu, kloraidi, potasiamu kidogo na kalisi, pamoja na lakteti ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti, kitu kilekile ambacho mgonjwa wa kuhara hukipoteza kwa wingi. Kwa hiyo inapendelewa katika kipindupindu. Waliofanya kazi kwenye kambi za kipindupindu Dar es Salaam, mlipuko ulipoanza Agosti 2015, wanajua jinsi mtu mzima wa kilo 50 aliyezama macho na kupoteza mapigo ya mkono anavyohitaji mililita 100 kwa kila kilo: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, na lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mwanafunzi anayeiona kasi hiyo kwa mara ya kwanza huogopa. Asiogope, kwa kuwa maji yametoka upande wa nje ya seli, pamoja na chumvi, na yanarudishwa palepale.

Lakini kasi hiyohiyo inaweza kuua mtoto wa kitanda cha pili, na ushahidi wake ulipatikana kwetu hapahapa Afrika Mashariki. Utafiti ulioitwa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo wa Muheza, waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Wale waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya waliopewa maji taratibu bila kumiminiwa. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hapo ndipo penye funzo la kitandani. Mikono ya baridi inaweza kuwa ileile kwa watoto wawili. Mmoja amepoteza maji, mwingine hakuyapoteza. Uliza kwanza kama yapo yaliyotoka.

Potasiamu nitaizungumzia kwa ukali kidogo. Mtoto aliyeharisha kwa siku kadhaa huipoteza, akalegea misuli, tumbo likajaa gesi kwa kuwa utumbo umezembea, na chumvi ya kawaida peke yake haimsaidii kwa hilo. Hata hivyo kichupa cha potasiamu kloraidi hakisukumwi kwa bomba la sindano moja kwa moja kwenye mshipa, hata siku moja, awe ameamuru nani. Huchanganywa vizuri ndani ya dripu, kwa kawaida isizidi milimoli 40 katika lita, ikaenda polepole baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa anakojoa, maana ikipanda ghafla moyo husimama. Vilevile usishtuke kabla ya kuchunguza jibu linaloonyesha potasiamu 7 kwa mtu anayecheka na kula: huenda damu ilivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, seli zikapasuka na kumwaga potasiamu yake kwenye chupa ya maabara. Mpime moyo, kisha chukua damu upya.

Chati ya maji yanayoingia na yanayotoka ndiyo kazi yetu ambayo hakuna atakayetufanyia, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Nimeona chati zilizojazwa saa kumi na mbili asubuhi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, zikidai kwamba mgonjwa alikojoa mililita 200 kila saa nne sawasawa, jambo ambalo figo za binadamu hazifanyi. Mara nyingi ndugu mwenye huruma ameshamwaga mfuko wa mkojo ili kukusaidia, kwa hiyo mweleze mapema na umpe chombo chenye alama za kipimo. Mtu mzima atoe angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Pale inapowezekana, mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ileile, kwa kuwa kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni lita moja ya maji, wala si nyama.

Wanafunzi wa pwani huniuliza kuhusu madafu, na swali lao ni zuri. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu chache, kinyume cha anachokipoteza zaidi mgonjwa wa kipindupindu, hivyo hayachukui nafasi ya ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari anayopewa mgonjwa wa kuhara, ambayo ina sodiamu na glukosi milimoli 75 kila moja katika lita kwa sababu glukosi huivuta sodiamu kupitia ukuta wa utumbo, na maji yakaifuata. Anayehara kidogo anaweza kunywa dafu pamoja na ORS bila tatizo. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, dafu hilohilo ni potasiamu isiyo na pa kutokea, basi mwite ndugu aliyelileta, mshukuru, mweleze sababu pembeni, na umwombe alirudishe nyumbani.