Uwanja wa Ndege wa Moi Hadi Kisiwa cha Chale: Nilivyopanga Safari ya Mama Mkwe

Chale ni kisiwa kidogo kusini ya Diani, karibu kabisa na pwani ya Kinondo. Maji yakitoka, kati yake na bara hubaki mchanga na vidimbwi. Yakijaa, ni bahari kamili. Hoteli iliyoko huko huvusha wageni kwa trekta maji yakiwa yametoka, na kwa boti yakiwa yamejaa. Ndiyo maana mtu akiniuliza apande gari gani kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka Chale, mimi humuuliza kwanza anatua saa ngapi, na siku hiyo itakuwa mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Wengi hudhani natania.

Kazi ya kupanga safari hii nilipewa na wifi yangu wa Nakuru. Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amefanyiwa operesheni ya goti, na wanawe wakaona apumzike baharini siku chache. Wifi, mumewe na watoto wao wawili wangemsindikiza. Hoteli walishaichagua wenyewe kwa kuangalia picha. Mimi niliambiwa tu, "Wewe ndiye mwenyeji wa Mombasa, tupangie njia." Kama kawaida ya wageni, walifikiri ukishuka ndege Mombasa umeshafika.

Uwanja wetu uko upande wa Port Reitz, bara ya magharibi. Diani na Chale ziko bara ya kusini. Katikati kuna maji ya Kilindini. Zamani ilikuwa lazima uingie mjini, ukapite Likoni kwa feri. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, ambayo inazunguka kutoka Miritini, inapita juu ya daraja la Mwache na lile refu la Mteza, halafu inakutoa Kibundani kwenye barabara ya kwenda Lunga Lunga. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2018, na 2024 magari yakaanza kupita mpaka ng'ambo. Sisi wa Mombasa tunaweza kubishana kutwa nzima kuhusu ipi bora, feri au Dongo Kundu. Dereva mwenye gari bovu atakwambia feri, kwa madai kwamba njia ni fupi na mafuta ni kidogo. Mwenye haraka atakwambia Dongo Kundu.

Kwetu mjadala huo ulifungwa na Mama mwenyewe. Yeye na marehemu baba mkwe walikaa Mtongwe miaka ya tisini, mzee akifanya kazi bandarini. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, baadhi walikuwa majirani zake. Hapendi kulizungumzia. Nilipompigia simu kumjulia hali, nikamtajia njia mbili zilizopo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ukinifikisha Likoni mimi narudi na ndege ileile." Nikamwambia, "Hufiki Likoni, Mama." Hapo feri ikatoka kwenye hesabu, na pamoja nayo ule usafiri wa bei rahisi: tuktuk mpaka Magongo, matatu mpaka feri, kuvuka kwa miguu bila kulipa, matatu nyingine Likoni hadi Ukunda, halafu tuktuk au bodaboda mpaka Kinondo. Kijana mwenye begi la mgongoni namwambia apite huko bila wasiwasi. Mama mwenye goti jipya na wajukuu wawili, hapana.

Baada ya hapo nikaanza na bahari kabla ya gari. Nilimpigia ami yangu, mvuvi wa Mtwapa.

"Shikamoo, ami."

"Marhaba. Hujambo? Wataka samaki au wataka habari?"

Nikamweleza. Akaniuliza tarehe, akahesabu mwezi kwa vidole, nasikia kabisa anavyonong'ona, akasema, "Hiyo itakuwa mwezi pili, siku ya pili tangu uandame. Ni bamvua. Maji yatatoka sana, karibu saa tano asubuhi, na yatajaa saa kumi na moja jioni."

Kwa asiyezoea pwani, bamvua ni ule wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hupanda na kushuka kwa nguvu. Kilindini tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huweza kupita mita tatu. Kukiwa na maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana, na pahala palipokuwa pakavu wiki iliyopita huenda pasikauke. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Ratiba ya mwaka mzima ya kujaa na kupwa Kilindini huchapishwa na Mamlaka ya Bandari, na kwenye simu zipo programu nyingi za bure. Niliangalia, ikawa ami amekosea kwa dakika chache tu. Nilimwambia, akacheka, akasema ratiba ndiyo imekosea.

Ndipo nikapiga simu hotelini. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, akathibitisha kwamba siku ile asubuhi hadi adhuhuri ni trekta, na kuanzia alasiri ni boti. Nilimuuliza maswali ambayo nadhani hakuzoea kuulizwa. Trela la trekta lina ngazi ngapi? Kuna pa kushika? Boti inakaa kwenye gati au mtu anaingia majini? Akaenda kumuuliza mwenzake, akarudi na majibu: trela lina ngazi tatu na chuma cha kushikia pande zote mbili, na viti vyake ni vya benchi. Boti, siku za mawimbi, huenda ukalowa mpaka magotini wakati wa kupanda. Mawimbi, mchanga unaozama na goti lililoshonwa havipatani. Trekta likashinda.

Ilibaki sasa kuchagua ndege. Wifi alishaona tiketi za bei nafuu za ndege inayotua alasiri, na alizipenda kwa sababu watoto wangelala vizuri asubuhi. Nilimwambia achukue ile ya asubuhi inayotua saa tatu, hata kama imezidi bei kidogo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mizigo na kujikusanya, nusu saa. Njiani mpaka Ukunda, saa moja na kitu. Ukunda mpaka ufukwe wa kuvukia, nusu saa nyingine pamoja na watoto kutaka kukojoa. Wangefika ufukweni saa tano na kitu, maji yakiwa yametoka kabisa. Ndege ikichelewa hata saa moja, trekta bado lingepita.

Wazo la kuruka hadi Ukunda pia tulilipima. Ndege ndogo zinatua pale, na Ukunda ni karibu sana na Chale, huhitaji kabisa kuzunguka Dongo Kundu. Kwa watu wawili wenye mifuko midogo ningesema waende huko huko. Lakini ndege hizo nyingi hazitaki mzigo wa zaidi ya kilo kumi na tano, tena ziwe mfuko laini. Wifi yangu mmoja peke yake na viatu vyake haingii humo. (Ameniruhusu niandike hivi.) Ukizidisha nauli kwa vichwa vitano ndio kabisa.

Basi gari. Hoteli ina gari lake la kupokea wageni. Ni safi, dereva anakusubiri na bango, na hata ndege ikichelewa hasemi kitu. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya niliyokuja kulipa. Simlaumu anayelichukua, hasa anayetua usiku asiyemjua mtu Mombasa. Teksi za pale uwanjani nazo zipo nje mlangoni, na bei ni ya kuzungumza. Niliwahi kupita siku moja kabla kuuliza. Wa kwanza alitaja elfu tisa, nikacheka, akashuka mpaka sita na nusu kabla sijasema neno. Tatizo lao kwetu halikuwa bei. Wengi wana magari madogo ya watu wanne, na sisi tulikuwa watano na mizigo.

Teksi za programu za simu mimi hutumia kila wiki mjini, ila kwa safari ya kusini nimeziona tabia. Simu inaonyesha bei nzuri, dereva anakubali, halafu anapiga: "Madam, unaenda wapi? Diani? Unalipa keshi?" Ukimwambia ndiyo, anaanza kulalamika kwamba atarudi gari tupu, na kwa kweli ana haki, kwa sababu bei ya programu haimlipi kurudi. Ama mnaongezana nje ya programu, ama anafuta safari mkiwa juani na mabegi. Kwa hiyo, ile bei unayoiona kwenye simu usiihesabu kama bei ya kufika Chale.

Nilimchukua kijana wa mtaani kwetu Kisauni mwenye Noah ya watu saba. Makubaliano yetu tuliyaandika kwenye meseji ili asije mtu akasahau: elfu sita, kwenda tu, kupitia Dongo Kundu na si feri, kati ya viti vitatu vya nyuma kikunjwe kimoja kwa ajili ya mizigo, na asiongeze abiria njiani. Hilo la mwisho alicheka, lakini nawajua. Nilimlipa elfu mbili ya mafuta kwa M-Pesa usiku ule, na iliyobaki nikaahidi atapewa wakikanyaga mchanga. Halafu nikamuuliza kama amewahi kwenda mpaka Chale, si Diani. Hajawahi. Nikampa namba ya hoteli aelekezwe, maana kutoka Ukunda unafuata barabara ya ufukweni kusini, unapita msitu wa Kaya Kinondo, na huko mbele lami inakuacha.

Siku yenyewe nilikuwa kazini, kwa hiyo habari nilizipata kwa simu. Ndege ilichelewa dakika arobaini. Dereva alishaingia maegesho mapema, akawa ananipigia kila robo saa kuhusu ada ya maegesho, nikamwambia nitailipa, tulia. Kwenye daraja la Mteza Mama aliomba wasimame atazame chini. Kusimama juu ya daraja haifai, kwa hiyo dereva alipunguza mwendo tu, na Wifi akanitumia video ambayo Mama anasikika akisema, "Kumbe Mtongwe iko kule," na mtoto anauliza kama kuna papa.

Walifika ufukweni saa sita kasoro. Trekta lilikuwa likirudi kutoka kisiwani na wafanyakazi wa hoteli. Wifi anasema ngazi zilikuwa tatu kweli, lakini ya kwanza ilikuwa juu mno kwa Mama, karibu usawa wa goti lake mwenyewe. Dereva wangu, ambaye kazi yake ilikuwa imeisha, alienda kwenye gari akatoa kreti ya soda aliyokuwa akibebea vifaa, akaigeuza juu chini mchangani chini ya ngazi, akakanyaga yeye kwanza kuona kama inazama. Haikuzama. Mama akashika chuma kwa mkono wa kulia, bega la dereva kwa kushoto, akapanda kwa mguu mzima kwanza, ule wa operesheni ukafuata. Hilo la mguu mzima kwanza alifundishwa hospitali: mzima hupanda, mgonjwa hushuka. Kreti wakaipakia wavuke nayo, kwa sababu ng'ambo pia kuna kushuka. Niliongeza mia tano kwa ajili ya kreti hiyo, na ni pesa iliyonifurahisha kuitoa kuliko zote.

Kurudi kulikuwa na hesabu tofauti. Siku ya kuondoka bahari ilishasogea, na asubuhi karibu saa mbili maji yalikuwa yakijaa. Ami alishaniambia kwamba bamvua imepita, maji yatakuwa yametulia kidogo, kwa hiyo boti haikunipa hofu kama siku ya kwanza. Niliwashauri wavuke mapema baada ya kifungua kinywa, wapande ndege ya adhuhuri, na nikamwomba dada wa mapokezi awaambie manahodha kuna mama wa kushikwa. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wakamnyanyua na kiti chake kutoka mchangani mpaka ndani ya boti. Mama alilalamika sana kwamba anafanywa bibi harusi. Picha aliyopigwa ameiweka kwenye wasifu wake wa WhatsApp mpaka leo.

Dereva yule sasa amekariri njia, na ameninunulia kreti mpya akisema ile ya kwanza ni ya biashara. Wifi anazungumzia Lamu mwishoni mwa mwaka. Huko uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, ukitoka tu unaingia botini, kwa hiyo gari halihitajiki. Nimemwambia asikate tiketi kabla sijazungumza na ami.