Mnada wa Vyombo Barabara ya Pugu

Aliyekulia katika muziki wa dansi wa Tanzania anajua kwamba mwanamuziki wa zamani hakuwa na gitaa. Gitaa lilikuwa la bendi, na bendi nayo ilikuwa na mwenyewe: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na za kwao. Mpiga gitaa la solo alipohama bendi, na walihama sana, aliviacha vyombo stoo akaondoka na vidole vyake. Kwa sababu hiyo tabia yangu ya kununua magitaa na kuyatundika ukutani iliwashangaza hata wanamuziki wenyewe. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ninafungua bendi, na nilipomjibu kwamba sina mpango huo alinitazama kama anayemtazama mtu anayefuga ng'ombe ilhali mwenyewe hanywi maziwa.

Maziwa nilikuwa ninayanywa, kwa kuwa nilipiga kila jioni umeme ulipokuwapo. Nilizaliwa Morogoro, na mwaka 1970, Morogoro Jazz walipokwenda Osaka nchini Japani kwenye maonyesho ya Expo 70, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye gitaa la galoni lililofungwa nyuzi za mshipi. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa mtu wa mji wetu, na mtoto yeyote wa Morogoro aliyeshika kitu chenye nyuzi alikuwa anamwiga yeye. Nilipopata kazi ya uhasibu Dar es Salaam nilianza kununua magitaa halisi, moja baada ya jingine, mengi yakiwa yamevunjika.

Mnada ninaousimulia ulifanyika mwaka 1993, katika ghala moja lililokuwa kando ya Barabara ya Pugu, kabla haijaitwa Barabara ya Nyerere. Ilikuwa miaka ya mashirika ya umma kubinafsishwa na mengine kufungwa kabisa, na kila wiki magazeti yalibeba matangazo ya kuuzwa kwa magari mabovu, mashine za kuchapia na makabati ya chuma. Katika tangazo mojawapo, baada ya orodha ndefu ya meza na feni, niliona maneno "vyombo vya muziki". Shirika lenyewe sitalitaja, lakini bendi yake niliifahamu vizuri, nami nilijua kwamba solo lao, lile lililokuwa likinifanya niongeze sauti ya redio kila Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, walipowapiga, lilitoka kwenye gitaa la Höfner lenye rangi ya hudhurungi iliyofifia kuelekea njano katikati.

Nilifika mapema ili nilikague kabla dalali hajaanza. Gitaa lilikuwa limeegemezwa kwenye rundo la viti, nyuzi zake zikiwa nne tu na zote zina kutu. Nyuma ya shingo, mahali ambapo kidole gumba hupita, vanishi ilikuwa imelika hadi mbao ikabaki nyeupe na laini kama mpini wa jembe la zamani. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kilikuwa kimepotea, na mahali pake palifungwa kijiti cha chuma kilichochongwa kwa tupa. Nyuma ya kichwa cha gitaa, kwa rangi nyeupe ya mafuta, mtu wa stoo alikuwa ameandika herufi za shirika na namba ya mali, kama walivyoandika kwenye viti vile vilivyoliegemeza.

Nikabonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kati ya vile vyuma vilivyopachikwa shingoni, kwa pamoja, nikatazama mwanya uliobaki katikati: shingo ilikuwa imepinda, lakini si kwa kiasi cha kutupwa. Kisha nikaugusa uzi juu ya chuma cha kumi na mbili, ambapo ndipo nusu ya urefu wake, bila kuubonyeza, ukatoa ule mlio wa kengele; nikaubonyeza palepale na kulinganisha. Milio ilipishana kidogo sana. Höfner walikuwa mafundi wa Kijerumani tangu mwaka 1887, na hata gitaa lililoteswa namna ile lilionyesha kwamba aliyelipimia vyuma vya shingoni hakuwa na haraka.

Nilipoinua uso nilimwona mwenyewe. Namwita mwenyewe ingawa, kama nilivyosema, gitaa halikuwa lake: ni yule mpiga solo, amevaa shati la kitenge na viatu vilivyopigwa kiwi, nywele zimeanza mvi. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa mchana, mbali na taa za ukumbini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita. Nilijua kwa nini amekuja, na furaha yangu yote ikapungua, kwa maana nitawezaje kushindana bei na mtu juu ya chombo alichokishika miaka kumi na tano?

Hakuligusa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pembe ya ghala palipokuwa na amplifaya ya Selmer, ile ya Kiingereza yenye valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, nzito kama sanduku la mbao lililojaa misumari, akachuchumaa nyuma yake, akatoa bisibisi mfukoni na kufungua ubao wa nyuma. Akanusa. Akazitikisa valvu moja moja kwa ncha ya kidole, akapuliza vumbi, akanusa tena upande wa transfoma, kisha akarudisha ubao na kuzikaza skrubu zote kwa uangalifu wa mtu ambaye hataki mwingine aone kwamba zimefunguliwa.

Dalali alianza na magitaa. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alinipandishia bei mara mbili tatu, nadhani kwa mazoea tu, akaniacha kwenye shilingi elfu arobaini na tano, fedha ambazo mke wangu alizikumbuka kwa muda mrefu kuliko mimi. Muda wote huo nilimtazama yule mzee kwa pembe ya jicho, naye alikuwa anasoma gazeti. Ilipofika zamu ya amplifaya, dalali aliitangaza kuwa ni redio kubwa, watu wakacheka. Wa Kariakoo aliulizia mahali pa kuwekea kaseti, akaambiwa hakuna, akajitoa. Mzee akaichukua kwa bei ndogo kuliko ya feni, akalipa kwa noti alizozifungua kutoka kwenye leso.

Nilimsaidia kuibeba hadi kwenye mkokoteni, na hapo ndipo nilipoona kwamba namba yake nyeupe inafuatana na ya gitaa langu. Nikashindwa kujizuia.

"Mzee, mbona hukulitaka gitaa?"

"La shirika lile," akasema, akipangusa mikono. "Halafu shingo yake imenitesa, mdogo wangu. Ilivunjikia safarini Tabora, seremala akaibandika kwa gundi ya kabati. Ukifika juu huku, uzi wa pili unakufa. Mimi nilikuwa naukwepa."

Nilimwambia kwamba mimi, na watu wengi ninaowafahamu, tuliipenda ile sauti. Akaigonga amplifaya kwa kiganja.

"Sauti ilikuwa humu. Ule mti ni wa kushikia tu."

Mpaka leo sikubaliani naye kikamilifu, na nina sababu zangu. Ni kweli kwamba gitaa la umeme halipazi sauti lenyewe. Sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba huugeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme dhaifu, na kazi ya kuukuza na kuupa joto ni ya amplifaya. Valvu zinaposukumwa hadi karibu na kikomo chake, ncha za sauti hulainika, na huo ulaini ndio tuliousikia redioni. Lakini Höfner lile lina uwazi ndani, na katika gitaa lenye uwazi noti huanza kwa nguvu na kufifia upesi. Katika bendi yenye magitaa ya solo, solo la pili na rizimu yanayojibizana bila kupumzika, noti inayofifia upesi humwachia mwenzake nafasi. Nilijaribu kumweleza hayo pale pale kwenye jua. Alinisikiliza kwa adabu, akamwambia mwenye mkokoteni waondoke.

Gitaa nililitengeneza polepole. Uzi wa pili ulikuwa unakufa kweli, mahali alipopataja hasa, na ilibidi kuviinua vyuma viwili na kuvipiga msasa. Namba nyeupe sikuifuta.

Mwaka uliofuata nilimsikia akipiga kwenye harusi Kinondoni. Alikuwa na gitaa la Kijapani la bei rahisi, la kuazima, na nyuma yake ilikuwa ile Selmer. Walipofika sehemu ya wimbo ambapo watu huacha kusikiliza na kuanza kucheza, solo lilitoka vilevile kama lilivyokuwa likitoka redioni. Wakati wa mapumziko nilimfuata nyuma ya jukwaa na kumwuliza kama anaweza kuniuzia ile amplifaya. Alicheka kwanza, kisha akataja bei ambayo mhasibu hawezi kuitaja nyumbani kwake. Nikamwambia nitafikiri, na kila tulipokutana baada ya hapo bei ilikuwa imepanda.