Chupa ya chai pembeni ya cherehani

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno hapa Tanga. Wagonjwa wengi huniuliza watumie dawa gani ya mswaki. Nami huwauliza: chai unakunywa mara ngapi kwa siku?

Karibuni alikuja mama mmoja, fundi cherehani. Mswaki hupiga asubuhi na usiku, hakosi, na bado magego yake yameanza kutoboka. Katika mazungumzo nikaelewa. Kutwa ana chupa ya chai ya rangi pembeni ya cherehani, sukari imekolea. Anapiga funda, anashona, anapiga jingine, mpaka anapofunga kazi.

Bakteria wa kwenye ukoga wakipata sukari hutengeneza tindikali kwa dakika chache tu. pH (kipimo cha ukali wa tindikali; tindikali ikizidi, namba yake hushuka) ikienda chini ya 5.5 hivi, gamba la nje la jino huanza kupoteza madini. Mate ndiyo yanayorekebisha hali hiyo, ila yanahitaji nusu saa, pengine saa nzima. Anayemaliza kikombe chake na chapati akaondoka, mate yake yanapata nafasi ya kufanya kazi. Mama huyu hakuwa akiyapa nafasi hiyo kabisa, na mswaki wa mara mbili hauwezi kufidia mafunda ya kutwa nzima.

Sikumkataza chai. Nilimwomba ainywe pamoja na chakula, iishe, na pembeni ya cherehani yakae maji. Sukari aipunguze kidogo kidogo: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2015, linashauri ikiwezekana isizidi asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Usiku apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, ateme povu bila kusukutua, kisha asitie kitu mdomoni isipokuwa maji, maana usingizini mate hupungua sana.

Fizi zake pia zilikuwa zimevimba na kutoka damu, nikamuuliza, "Mama, umewahi kupima kisukari?" Hajawahi. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi upesi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari ya mwilini iwe ngumu kushuka. Natamani kila anayehudhuria kliniki ya kisukari akaguliwe kinywa, na kila mwenye fizi kama zake apimwe sukari. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, majibu yanatoka mgonjwa akiwa bado kwenye kiti.